Risala ya Wahitimu wa Mafunzo ya Usimamizi wa Vituo vya Ligi Kuu kwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Wilaya na Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama ya Wilaya; Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri; viongozi wa chama cha soka cha mkoa; wakufunzi wetu; wageni waalikwa, mabibi na mabwana: Asalaam aleykum, Bwana Yesu asifiwe, Tumsifu Yesu Kristo.

Tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kufunga mafunzo haya. Kwa ruhusa yako, risala hii haitahesabu vipindi tulivyohudhuria wala vyeti tutakavyopokea. Tumeona heri tukueleze msimu wa Ligi Kuu Tanzania Bara unavyoonekana ukiutazama kutoka kituoni, yaani kwenye uwanja unaochezewa mechi, kwa mtu anayebeba futi kamba na faili la leseni za wachezaji. Maombi yetu yote yanatoka humo. Mashabiki wa Simba na Yanga waliomo ukumbini watuvumilie, maana majina yao yatatajwa mara nyingi, na si kila mara kwa sifa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ligi yetu ilianza mwaka 1965, na tangu msimu wa 2021/22 inachezwa na timu 16. Kabla ya hapo zilikuwa 20 msimu wa 2019/20, zikapunguzwa hadi 18, kisha 16. Kila timu hucheza na nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30 kwa timu, mechi 8 kwa raundi, jumla mechi 240. Kwa hesabu ya karatasi ni jambo jepesi: unaishikilia timu moja mahali pake, nyingine 15 unazizungusha raundi kwa raundi, na baada ya mizunguko 15 kila mmoja ameshakutana na kila mmoja. Mzunguko wa pili unageuza wenyeji kuwa wageni. Kompyuta huimaliza kazi hiyo kabla chai haijapoa.

Ugumu unaanza pale ratiba inapokutana na kalenda. Kuanzia katikati ya Agosti hadi mwisho wa Mei kuna wiki kama 41. Ondoa mapumziko ya timu za taifa ya Septemba, Oktoba, Novemba na Machi. Ondoa Kombe la Shirikisho la ndani. Kisha uzitazame timu zinazocheza mashindano ya CAF, Shirikisho la Soka Afrika. Msimu wa 2024/25 Simba walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika dhidi ya RS Berkane ya Morocco. Waliingia kwenye raundi ya pili ya mchujo, kwa hiyo walicheza mechi 2 za mchujo, 6 za makundi, 2 za robo fainali, 2 za nusu fainali na 2 za fainali. Hizo ni 14. Ukiziongeza kwenye 30 za ligi unapata 44, na bado kuna safari za ndege kwenda kaskazini mwa Afrika na kurudi. Hapo ndipo viporo, yaani mechi zilizoahirishwa, huzaliwa.

Kiporo kimoja hakina neno. Vikifika vitatu au vinne, msimamo wa ligi haueleweki tena. Timu inayopigania isishuke inaangalia jedwali bila kujua inamkimbiza nani, na aliye kileleni anajua matokeo ya wenzake kabla hajaingia uwanjani. Tena viporo vikija kulipwa hulipwa kwa mpigo, mechi kila baada ya siku tatu, na timu yenye kikosi chembamba ndiyo inayoumia. Maoni yetu, Mheshimiwa, ni kwamba mechi inayoahirishwa kwa sababu ya CAF haikwepeki, lakini mechi inayoahirishwa kwa sababu kituo hakikuwa tayari ni aibu ya watu wa kituo, na hao ndio sisi.

Mfano mkubwa zaidi kila mtu anaukumbuka. Mchezo namba 184, Yanga na Simba, ulipangwa Machi 8, 2025 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa. Usiku wa kuamkia siku hiyo Simba walikwenda kufanya mazoezi ya mwisho uwanjani, wakasema wamezuiwa kuingia, wakatangaza hawatacheza. Mchezo ukaahirishwa siku ileile. Yanga nao wakapinga, na mabishano yakachukua miezi mitatu na ushee. Ulikuja kuchezwa Juni 25, wenzao wote wameshamaliza, Yanga wakiwa na pointi 79 na Simba 78. Mwamuzi wa kati aliletwa kutoka Misri. Yanga walishinda 2-0 kwa mabao ya Pacome Zouzoua na Clement Mzize, wakafunga msimu na pointi 82 na ubingwa wa 31. Mpira ulichezwa vizuri tu. Lakini ubingwa wa nchi nzima ulikaa miezi hiyo yote ukisubiri suala la nani anafungua geti, saa ngapi, na kwa barua ya nani. Kwenye mafunzo tumejifunza kwamba saa ya mazoezi ya mgeni huandikwa, husainiwa na pande zote, na mlinzi wa geti hupewa nakala yake mkononi. Kumpigia simu hakutoshi, simu ya mlinzi huisha chaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, eneo la pili linaloharibu msimu ni kadi. Mchezaji mwenye kadi tatu za njano anakosa mchezo mmoja. Inaonekana rahisi mpaka kiporo kiingie katikati. Timu imecheza raundi ya 20, raundi ya 21 imeahirishwa, inayofuata ni ya 22. Katibu anayehesabu kwa namba za raundi anadhani adhabu ni ya raundi ya 21, anampanga mchezaji kwenye ya 22, na ameshaliwa. Adhabu hutumikiwa katika mchezo unaofuata kuchezwa, hata ukiwa na namba gani. Kumchezesha asiyestahili ni kupoteza pointi tatu na mabao matatu.

Msimu wa 2016/17 ulituonyesha uzito wa jambo hili. Simba walikata rufaa wakidai Kagera Sugar walimchezesha beki mwenye kadi tatu. Kamati ya Saa 72, ile inayosimamia uendeshaji wa ligi, ikawapa Simba pointi, baadaye uamuzi huo ukatenguliwa. Ligi ilipokwisha, Yanga walikuwa na pointi 68 na Simba 68, Yanga wakawa mabingwa kwa tofauti ya mabao. Ina maana kumbukumbu ya kadi moja, ilivyoandikwa au ilivyosomwa, ilikuwa na uzito wa kombe. Ndiyo maana sasa kila mmoja wetu ana tabia ya kukaa na mwamuzi wa akiba mara baada ya filimbi ya mwisho, kulinganisha daftari la kituo na la mwamuzi, jina, namba ya jezi na dakika, kabla timu hazijapanda basi. Kosa kubwa hutokea kwa wachezaji wa akiba na watu wa benchi waliopewa kadi: mwamuzi anaandika jezi, na mtu wa benchi hana jezi.

Tofauti ya mabao haikuamua ubingwa wa mwaka huo peke yake. Msimu wa 2023/24 Azam na Simba walimaliza na pointi 69 kila mmoja, Azam wakashika nafasi ya pili na kwenda Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba wakaenda Kombe la Shirikisho. Kwa hiyo mabao ya dakika za nyongeza kwenye mechi iliyokwisha kuamuliwa yana thamani, na mwamuzi akionyesha dakika sita zichezwe sita.

Sasa uwanja wenyewe. Uwanja wa mita 105 kwa 68 una zaidi ya mita 700 za mistari ukijumlisha ya pembeni, duara la kati, maboksi na robo duara za kona. Upana wa mstari hauzidi sentimita 12, na mstari wa goli lazima ulingane na unene wa miamba. Kabla hujamwaga rangi, pima kona kwa kona: kamba zote mbili zisome mita 125.1. Zikitofautiana, uwanja umepinda hata kama kila upande una urefu wake sahihi, na msaidizi wa mwamuzi atakuwa anaangalia kuotea kwa mstari ulioinama. Alama ya penalti ni mita 11 kutoka ukingo wa nje wa mstari wa goli. Wengi hupima kutoka ukingo wa ndani, alama ikasogea mbele kwa upana mzima wa mstari. Mwamba wa juu ni mita 2.44 kutoka ardhini, na hupimwa sehemu tatu, kwenye nguzo zote mbili na katikati, kwa sababu udongo hujaa miguuni mwa nguzo na chuma hulegea katikati. Tunashauri pia chokaa iachwe. Inaunguza nyasi, na mchezaji akiteleza kifudifudi inaingia machoni. Rangi ya maji ni ghali kidogo, lakini mvua ya masika ikipita mstari bado unaonekana.

Masika haya ya Machi hadi Mei huangukia pale ligi inapokuwa kwenye joto. Bodi ya Ligi imeshavifungia viwanja kadhaa kwa sababu ya eneo la kuchezea, na timu ikifungiwa uwanja huhamia mkoa mwingine. Inapoteza mapato ya mlangoni, inapoteza mashabiki wake, inalipa hoteli hata kwenye mechi zinazoitwa za nyumbani. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Timu ndogo zinasafiri hivyo kwa basi. Zikiongezewa safari za kuhama, pointi zinazopotea barabarani hazionekani kwenye jedwali lolote. Uwanja mwingi hauharibiwi na mvua yenyewe. Unaharibiwa na kuchezewa ukiwa umeloa: mechi ya ligi Jumamosi, bonanza Jumapili, mkutano Jumatatu. Nyasi zilizong'oka kwenye tope zinahitaji wiki kadhaa kushika, na hakuna anayezipa.

Kuhusu muda tutasema kwa kifupi. Kituo kisicho na taa kinaanza mchezo saa 10:00 jioni. Dakika 45, tatu za nyongeza, 15 za mapumziko, 45 nyingine na tano za nyongeza: filimbi inalia saa 11:53. Dar es Salaam mwezi Juni jua huzama kama saa 12:15. Ziada haifiki nusu saa. Gari la wagonjwa likichelewa dakika 30, kipa wa kipindi cha pili anadaka gizani. Na gari hilo, Mheshimiwa, likifika halipaswi kuegeshwa nyuma ya mabasi ya timu. Linakaa karibu na geti la kutokea, pua ikiangalia nje, dereva akiwa ndani na funguo akiwa nazo. Mara nyingi gari lipo na dereva yupo jukwaani anashangilia.

Chini ya jedwali ndiko msimu unakouma zaidi. Timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, na ya 13 na ya 14 zinacheza mtoano nyumbani na ugenini. Inayopoteza inakutana na timu kutoka Ligi ya Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu. Msimu wa 2024/25 walishuka Kagera Sugar na KenGold, huku Tanzania Prisons na Fountain Gate wakinusurika kwenye mtoano. Mkataba wa haki za matangazo wa Azam Media uliosainiwa mwaka 2021 ni wa shilingi bilioni 225.6 kwa miaka kumi. Anayeshuka anauacha mgao wake mezani, anabaki na mikataba ya wachezaji aliyosaini kwa bei ya Ligi Kuu. Ndiyo sababu raundi za mwisho mechi zote huanza kwa wakati mmoja, na sisi tunatakiwa kuoanisha saa zetu na makao makuu badala ya kufuata saa ya ukutani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi manne. Kwanza, hospitali ya wilaya iandikiane na kituo kwa msimu mzima, magari mawili kila mchezo, ili moja likitoka na majeruhi mchezo uendelee. Pili, uwanja upate kalenda moja inayotunzwa na Halmashauri, na shughuli nyingine zisiruhusiwe saa 48 kabla na saa 72 baada ya mchezo wa ligi. Tunajua ombi hili ni gumu, hasa mikutano inapokuwa mingi, lakini tumeona tuliseme mbele yako wewe mwenyewe. Tatu, mwakilishi wa polisi ahudhurie kikao cha maandalizi ya mchezo yeye binafsi, aondoke na nakala ya ratiba ya mageti, pamoja na saa ya mazoezi ya timu mgeni. Nne, tunaomba mashine ya kuchora mistari, futi kamba mbili za mita 100, pampu ya kuvuta maji na machela mbili, ambazo orodha yake na makadirio ya bei tumeyakabidhi kwa Ofisa Michezo.

Naomba kuwasilisha.