Kabla hujasema tumekuuzia samaki wagonjwa

Miezi kadhaa iliyopita mzee mmoja wa Nyakato, hapa Mwanza, aliingia duka letu la samaki wa mapambo kashika kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na kribu wawili, visamaki vya kufuga kwenye tangi la kioo, wameshakufa, rangi imepauka. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa kuguna.

"Kijana, umeniuzia wagonjwa. Nataka elfu 30 yangu."

Nikamuuliza tangi alilijaza lini. Jumamosi. Na samaki alichukua lini? Jumamosi hiyohiyo, jioni.

Kesi hii tunaipata karibu kila mwezi, sasa leo tuiandike tu. Maji ya tangi jipya, hata yang'ae vipi, ni mabichi. Samaki anatoa amonia, sumu ya uchafu wake, muda wote, na bakteria wanaoigeuza kuwa naitraiti, halafu naitreti isiyo na makali, wanajijenga polepole kwenye sponji ya filta. Hesabu wiki 4 hadi 6. Kabla ya hapo samaki anaungua mashavu anayopumulia. Utamwona kapanda juu anahema, na wewe unadhani ana njaa, unamwongezea chakula, na chakula kile kinaoza na kuzidisha amonia.

Nilimwomba mzee arudi na maji yake kwenye chupa ya soda. Nikadondosha matone ya kipimo cha amonia mbele ya macho yake. Maji ya tangi letu yakabaki njano. Yake yakageuka kijani, kijani cha kisamvu kabisa, yaani amonia imejaa. Akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena.

Kuna wanaokwepa kusubiri kwa kuchota dumu la maji Ziwa Victoria, eti si ndiko samaki wanakoishi? Kribu kwao ni mito ya Nigeria na Kamerun. Ni ukoo mmoja na sato na furu wetu, ukoo wa sikilidi, ila ziwa hili hajawahi kuliona. Maji ya ufukweni yanakuja na minyoo na vijidudu vyake, na wewe uliyeingia kuchota unajitafutia kichocho. Tumia maji ya bomba, yalaze kwenye ndoo wazi siku mbili klorini itoke. Dada mmoja wa Pasiansi alifuata yote hayo, mwezi wake wa pili wa kufuga akaosha sponji kwa sabuni ya unga, ikanukia vizuri. Bakteria wote wakafa, akaanza upya. Sponji inakamuliwa kwenye maji yaliyotoka tangini humohumo, basi.

Sasa bei. "Kaka, 15,000 kwa kisamaki cha kidole, si bora ninunue sato soko la Mwaloni?" Nunua, sato ni mtamu. Lakini yule amevuliwa, huyu tumemlea. Tunaweka kifuu cha nazi kilichotobolewa mlango, hita kwenye nyuzi 26 kwa sababu usiku wa Juni hapa Mwanza maji yanapoa. Jike akiiva tumbo linakuwa zambarau, anajikunja mbele ya dume kama anayeringa, kisha wanapotelea kifuuni. Mayai yanabandikwa darini. Yakianguliwa, siku chache baadaye jike anatoka na vifaranga kama wingu la vumbi linalotembea chini ya tumbo lake. Vifaranga hao wanataka uduvi wachanga tunaowaangua sisi wenyewe, kila siku. Mwaka juzi nilibana matumizi nikawalisha kiini cha yai. Maji yakachacha usiku mmoja, asubuhi sikubakiwa hata na mmoja. Umeme ukikatika naamka kuwasha pampu ya betri. Tunafanya hivyo miezi mitatu, minne, ndipo anafika kimo cha kuuzwa. Hiyo 15,000 nadhani nimejipunja.

Utaratibu wetu sasa ni huu: lete maji yako kwenye chupa, tunapima bure. Yakikomaa tunakuuzia, na samaki akifa ndani ya wiki mbili tunakupa mwingine. Yasipokomaa hatukuuzii, hata ukinuna. Mwenye haraka tunamkatia kipande cha sponji yetu iliyokomaa, 5,000, na bado atasubiri kidogo.

Mzee hatukumrudishia pesa. Tulimpa sponji bure na jozi nyingine kwa nusu bei, baada ya wiki tatu na vipimo viwili. Juzi kapiga simu, ana vifaranga, anauliza mbona jike anamng'ata mumewe. Nimemwambia amtenge dume leo leo.