KUH: Rida ya geti haisomi stika, na hatununui rida nyingine

Kwa Meneja,

Salamu. Naandika kwa niaba ya wakaazi wa hapa kwetu Kasarani kuhusu ile rida ya RFID mlitufungia getini, ile mashine ya kusoma stika ya kioo cha gari kwa mawimbi ya redio ndio geti lifunguke. Kotesheni yenu ilisema gari itasomwa ikiwa mita 8, lakini saa hii lazima usonge mpaka bampa ikaribie kugusa geti, na bado mara nyingi soja ndiye anatoka kukufungulia kwa mkono, jioni foleni inafika hadi barabarani na matatu zinatupigia honi ni kama barabara ni yao (labda ni yao).

Tukalalamika, mkatuma fundi, kijana mpole sina ubaya naye, lakini alichokuja nacho ni kotesheni ya rida kubwa zaidi. Ya nini jamani? Kuna jirani wetu anafanya kazi za redio, akapanda ngazi akaangalia. Rida iko kwa kibanda cha soja na kutoka hapo mpaka kwa antena mmevuta kebo ya RG58, ile nyembamba, kama mita 15 hivi, na kwa masafa ya UHF, hayo ya redio rida inatumia, hiyo kebo inakula karibu nusu ya nguvu kila mita 6. Hebu pigeni hesabu inafika ngapi. Na hata mkileta yenye nguvu mara 2 umbali hauendi mara 2, ndio umbali uwe maradufu unataka nguvu mara 4, sasa mnatuuzia tanki kubwa na paipu ndio inavuja.

Halafu hiyo antena ni ya linia, yaani mawimbi yake yanalala upande mmoja tu, mmeifunga wima na stika zetu zote zimelala, haziwezi kuelewana vizuri. Kuizungusha nyuzi 90 ni kazi ya spana tu! Tena iondolewe kwa hiyo chuma imebanwa nayo. Na gari zenye kioo cha kuzuia joto, zile zina metali ndani ya kioo inayozuia mawimbi, stika inafaa kukaa pale kwa vidoto vyeusi karibu na kioo cha dereva cha kuangalia nyuma, si popote.

Kwa hivyo sogezeni rida ikae karibu na antena, kebo ya netiwaki ndio iwe ndefu, hiyo haitakula nguvu ya antena. Salio la invoisi tutalipa gari ikisomwa kwa hizo mita mliandika wenyewe, na futi ya kupimia tutakuwa nayo hapo. Jibuni kwa hii imeili kabla ya wikendi, na fundi aje asubuhi, jioni hapo getini hapapitiki.

Katibu wa wakaazi