Tairi la lori: ile orodha haina cha kumkinga anayejaza upepo

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayewahimiza wenye malori wafunge matairi yao wenyewe nyumbani. Vifaa alivyotaja ni jeki, mitaimbo miwili, nyundo, maji ya sabuni na kompresa. Mimi kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kufunga na kufungua matairi makubwa, na sina ugomvi na mtu anayetaka kujitegemea. Lori ni lake na jasho ni lake. Ila katika orodha yake yote sikuona kitu hata kimoja cha kumkinga anayejaza upepo, na watu hufia papo hapo kwenye kujaza.

Aliyezoea gari dogo hudhani tairi la lori ni lilelile, limeongezwa unene tu. Gari dogo hutosheka na pauni 30 na kitu kwa inchi ya mraba. La lori hufika 100, na mengi hupita hapo. Chukua hizo 100 uzidishe kwa eneo la ubavu mmoja wa tairi la ringi ya inchi 22.5, utapata msukumo unaozidi tani 30. Wote huo unamwelekea aliyechuchumaa ubavuni akishikilia mdomo wa bomba kwenye valvu.

Nianze na ringi za vipande, zile za tyubu na flepu (mkanda wa mpira unaoikinga tyubu na ringi) zenye pete ya chuma ya kufungia, inayozuia ukingo wa tairi usitoke kwenye ringi. Pete ile haishikwi na nati wala skrubu. Hushikwa na mfereji wake na upepo wenyewe unaoisukuma nje. Kutu ikijaa mferejini, pete hukaa robo tatu na robo iliyobaki ikapanda juu kidogo, unene wa ukucha hivi. Kwa macho ya haraka utasema imekaa. Upepo ukishapanda, pete huchomoka na kuondoka na chochote kilicho mbele yake. Kibaya zaidi, mtu huiona imepinda, akaiinamia na kuigonga kwa nyundo ili ikae, huku kompresa inanguruma. Pete haigongwi ikiwa na upepo. Toa upepo wote, fungua, sugua mfereji kwa brashi ya waya, kagua nyufa, na kama pete imepinda au si ya ringi hiyo, itupe. Vipande vya ringi mbili tofauti vinaweza kuingiana vizuri tu na bado vikakuua.

Marekani waliweka kanuni ya kazi hii mwaka 1980 kwa ringi za vipande, na mwaka 1984 wakaziingiza za kipande kimoja. Humo mna jambo ambalo ningependa kila mwenye kompresa alijue: ukiwa nje ya kizimba cha chuma, yaani fremu ya kuzuia vipande visiruke gurudumu likipasuka, upepo wa kuketisha pete au kunyoosha tyubu usizidi pauni 3. Tatu tu. Baada ya hapo gurudumu liingie kizimbani. Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye lori ni huu: kama lazima, funga tairi nyumbani, kisha lipeleke penye kizimba likajazwe huko. Wapo wanaozungushia minyororo, wengine hulaza gurudumu pete ikitazama chini. Mnyororo ambao hakuna anayejua nguvu zake si kizimba, na pete ikichomoka kwa chini hulirusha gurudumu zima juu.

Mwenye ringi ya kipande kimoja naye asishangilie. Tairi likitembea na upepo pungufu, ubavu wake hukunjwa na kukunjuliwa kila mzunguko mpaka nyuzi za chuma zilizo ndani zinachoka na kukatika moja moja. Kwa nje unaweza usione kitu. Siku ya kulijaza, nyuzi zilizobaki zinaelemewa na ubavu unafunguka mstari mrefu kama zipu, kwa kishindo kimoja. Kipimo tunachokifuata mafundi ni asilimia 80: tairi la kujazwa pauni 100 likikutwa limetembea na 80 au chini yake, linahesabiwa kuwa limetembea bila upepo. Haliongezewi upepo likiwa garini. Linatolewa kwenye ringi, linapapaswa na kumulikwa ndani. Na wakati wa kujaza, likianza kulia pa-pa-pa, au ubavu ukionyesha mawimbi au uvimbe, funga upepo ukiwa hapohapo ulipo na usilisogelee.

Ulipo ni wapi? Hili ndilo ningemwomba mwenzangu aliongeze kwanza. Kichwa cha bomba kiwe cha kubana chenyewe kwenye valvu, bomba liwe refu, geji na koki viwe upande wako, nawe usimame mbali upande wa kashata, ile sehemu inayokanyaga barabara, si wa ubavu. Hata penye kizimba, usikiegemee.

Kufungua nako kuna mtego wake, hasa magurudumu pacha ya nyuma. Ringi iliyopasuka inaweza kuwa imeshikiliwa na nati tu. Ukizilegeza, upepo unamalizia kazi. Toa upepo wa matairi yote mawili kabla spana haijagusa nati, kwa kuchomoa kisindano cha ndani ya valvu, kisha pitisha waya kuhakikisha tundu halijazibwa na uchafu. Kuzomea kukikoma si ushahidi kwamba tairi ni tupu.

Kwa malori madogo, soma namba za ukubwa kwenye tairi na kwenye ringi. Tairi la inchi 16 huingia kwenye ringi ya 16.5 lakini halikai, na anayeongeza upepo ili likae anangoja waya wa ukingo wake ukatike.

Kuna na huu mchezo wa kumwagia petroli ndani ya tairi na kuiwasha ili kingo za tairi zikamate ringi. Vijana wanaupenda kwa sababu ya mlio. Hakuna anayeweza kupima mlipuko huo utaleta pauni ngapi, na mvuke usioungua hubaki ndani kumngoja fundi wa kesho.

Na moto wa kuchomelea ni hatari hivyohivyo. Ringi yenye ufa usiichomelee, ibadilishe. Hata ukiwa unachomea kitu kingine kilicho jirani na ringi, joto huunguza mpira kutokea ndani, gesi zinajikusanya, na tairi linaweza kulipuka baada ya moto kuzimwa, hata kama kisindano cha valvu kilishatolewa. Tairi litolewe kwenye ringi kwanza, ndipo mchomeleaji aitwe.

Fundi matairi mstaafu