Muhula wa Kiingereza uanze na hesabu ya kusahihisha

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu wa Kiingereza wa darasa la tisa, pamoja na wakuu wa shule wanaopokea maazimio yao ya kazi, yaani mipango yao ya kufundisha ya muhula. Mengi ya maazimio hayo hufuata mpangilio wa kitabu: mada ya kwanza wiki ya kwanza, ya pili wiki ya pili, na insha ndefu inasubiri mwisho. Muhula ukibana, kinachokatwa ni kile cha mwisho. Matokeo yake mwanafunzi anaweza kutaja aina zote za nomino na bado akashindwa kuandika aya mbili zinazoshikana.

Kwanza zihesabiwe siku. Muhula wa wiki 12 wenye vipindi 5 vya dakika 40 kwa wiki una vipindi 60 kwenye karatasi. Toa wiki ya mitihani, toa siku za kufungua shule, mapumziko ya katikati na shughuli za michezo, utabaki na 48 hivi. Anayepangia 60 amekwisha kuchelewa kabla hajashika chaki. Apangie 44, vinne viachwe wazi kwa ajili ya kufidia kilichokwama.

Hesabu ya pili ni ya kusahihisha, na hii ndiyo inayosahaulika kabisa. Insha ya ukurasa mmoja na nusu ikisomwa kwa makini huchukua kama dakika 6. Kwa wanafunzi 45 ni dakika 270, yaani saa 4 na nusu. Mwenye mikondo mitatu anahitaji saa 13 na nusu kwa insha moja. Azimio lenye insha 8 halitekelezeki; madaftari yatarundikana mezani, yatarudi baada ya mwezi yakiwa na alama ya vema tu, na mwandishi wake keshasahau alichokuwa anasema. Insha ndefu 3 zinatosha, wiki ya 4, ya 7 na ya 10. Katikati ziwepo aya za sentensi 6 hadi 8, moja kila wiki. Mwalimu asome madaftari 9 ya kila mkondo kila wiki kwa zamu, ili katika wiki 10 kila mtoto asomwe mara mbili, na waliobaki wabadilishane wakiangalia jambo moja tu, kwa mfano kama kila kitenzi kimekaa katika wakati wake. Wakiambiwa waangalie kila kitu, hawataona chochote.

Baada ya hapo upangaji uanzie wiki ya 10 na kurudi nyuma. Tuseme insha ya mwisho ni ya maneno 400, yenye kutetea msimamo kuhusu hadithi waliyosoma. Mwalimu aiandike yeye mwenyewe kwanza. Ikimchukua dakika 35, mwanafunzi atahitaji vipindi viwili au vitatu. Na akiwa anaiandika ataona mwenyewe kinachohitajika: kauli ya msimamo, kunukuu maneno ya hadithi, kuyaeleza yaliyonukuliwa, kuunganisha aya. Mambo hayo manne ndiyo yawe mhimili wa wiki za kabla yake. Mada ya kitabuni isiyosaidia lolote kati ya hayo ipewe nusu kipindi.

Swali lenyewe nalo litungwe kwa uangalifu. Ukiandika ubaoni "Andika kuhusu mhusika mkuu", utapokea muhtasari wa hadithi mara 45, na kosa si la wanafunzi. Andika hivi: "Je, mhusika mkuu aliamua sawasawa katika sura ya 4? Toa sababu mbili, kila moja na nukuu moja isiyozidi mstari mmoja. Maneno 300 hadi 400. Rasimu Jumatano, nakala safi Jumatatu, siku 12 baadaye." Hapo mwanafunzi anajua afanye nini, urefu gani, lini, na atapimwa kwa nini.

Kuhusu kitabu cha kusoma, wengi huchagua kwa sifa zake bila kupima ugumu. Marcella Hu na Paul Nation, katika utafiti wao wa mwaka 2000, walionyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aelewe hadithi bila msaada. Ukurasa wa maneno 250, basi, usiwe na mapya zaidi ya 5. Wape ukurasa mmoja wapigie mstari maneno wasiyoyajua. Wakipiga mstari 15, hiyo si riwaya ya kusomea nyumbani, ni ya kusomwa pamoja darasani, tena kwa vipande. Pigeni pia hesabu ya kurasa: riwaya ya kurasa 180 kwa wiki 6 ni kurasa 6 kila usiku kwa usiku 5. Nakala zikiwa 15 kwa watoto 45, hesabu hiyo inavunjika siku ya kwanza, na hadithi fupi nne zitafaa zaidi.

Sarufi isitoke kitabuni peke yake. Wiki ya kwanza waandike kwa dakika 20, kisha mwalimu ahesabu makosa na kuchukua matano yanayojirudia. Kwa mtoto anayefikiri kwa Kiswahili, moja litakuwa hili: "the girl which I saw her". Tukisema "msichana niliyemwona", yule msichana yumo ndani ya kitenzi, katika ile "-mw-". Mtoto anamhamisha kama alivyo, naye Kiingereza hakimtaki tena baada ya kitenzi. Halafu "-ye-" yetu haimwambii kuwa mtu hutaka "who", si "which". Kosa lingine ni "although" kufuatwa na "but", kwa sababu "ingawa" yetu huandamana na "lakini" bila taabu. Na "he" na "she" hupishana ovyo kwa kuwa "a-" yetu haijali mume wala mke. Wape sentensi mbili fupi waziunganishe, kisha wakate kwa kalamu kiwakilishi kilichozidi. Dakika 10, mara tatu, katika wiki tatu tofauti. Kipindi kizima mara moja hakiwezi kufanya kazi hiyo. Mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba kinachorudiwa kwa nafasi hukaa kuliko kinachoshindiliwa siku moja. Msamiati uende vivyo hivyo: maneno 8 kwa wiki, yarudiwe kesho yake, wiki inayofuata, na tena baada ya wiki tatu.

Kwenye kusahihisha, chagua mambo mawili na uyaache mengine. Rasimu irudi na maelezo bila alama. Ruth Butler alichapisha mwaka 1988 jaribio ambamo wanafunzi waliopewa maelezo peke yake waliboresha kazi zao, na waliopewa maelezo pamoja na alama hawakupata faida hiyo. Irudi ndani ya siku 7, na siku inaporudi zitengwe dakika 20 za kuandika upya aya moja palepale darasani. Dakika hizo ziingie kwenye azimio kama mada kamili, maana bila hizo wino mwekundu unapotea bure.

Siku hizi kuna pia programu za akili mnemba zinazotoa insha nzima kwa sekunde chache. Dawa rahisi ni mpango na rasimu kuandikwa darasani kwa kalamu, na vibaki vimebanwa nyuma ya nakala safi.

Ombi langu kwa wakuu wa shule na wakaguzi: mnapofungua madaftari mwisho wa muhula, msihesabu insha zilizotolewa. Hesabuni aya zilizoandikwa upya baada ya kusahihishwa, na mkikuta hakuna, mwulizeni mwalimu ana mikondo mingapi na wanafunzi wangapi kabla ya kumwongezea zoezi jingine.

Mwalimu wa Kiingereza