Usiuze Randa

Leipzig, Ujerumani
Jumapili jioni

Mama mpendwa, shikamoo. Babu, shikamoo. Na ninyi wadogo zangu wote hapo Machame, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mzima na kazi inaendelea. Baridi imeanza kuuma, lakini nguo nzito ninazo, kwa hiyo Mama usiwaze.

Naomba barua hii isomwe kwa sauti baada ya chakula, kila mtu akiwepo, ingawa sehemu kubwa namwandikia mdogo wangu seremala. Mdogo wangu, Mama amenieleza kwenye simu kwamba unataka kuuza vifaa vyako, randa, misumeno, patasi, hata ile meza ya kazi, ili uingie kwenye huduma. Anasema uliambiwa kwenye mkutano wa injili kwamba una karama kubwa na karakana inakuchelewesha. Sikutaka kukujibu kwa ujumbe wa simu. Jambo kama hili linastahili karatasi.

Kwanza nikutoe hofu: sikuandikii kukukataza kuhubiri. Mwenye wito hazuiwi na dada yake. Ninachokikataa ni kitu kimoja tu, hilo wazo kwamba hadi leo hujaanza kumtumikia Mungu.

Kumbuka msiba wa yule mama mjane, jirani yetu wa kule bondeni. Uliianza kazi ya jeneza jioni, ukakesha nayo, na asubuhi lilikuwa tayari limepigwa msasa hadi ndani, mahali ambapo hakuna mtu angepitisha mkono. Wanawe walipokuja na fedha walizochangishana ukawaambia wakanunulie unga wa matanga. Siku ile hukuwa umeshika kipaza sauti, wala hakuna aliyekuita Mtumishi. Je, ile haikuwa huduma? Kama haikuwa, basi mimi sijui huduma ni nini.

Fungua Kutoka 31. Mungu anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza roho ya Mungu. Amjaze ili afanye nini? Atabiri? Ahubiri? Hapana. Achonge miti, akate vito, afue dhahabu na shaba kwa ajili ya hema ya kukutania. Tena anapewa mwenzake wa kumsaidia, Oholiabu wa kabila la Dani. Ukiendelea hadi sura ya 35 utakuta Mungu ametia moyoni mwao pia uwezo wa kufundisha wengine. Hapo simama kidogo, uwafikirie wale vijana wawili wanaokuja kushinda karakanani kwako. Unadhani ni nani amewaleta? Ukishauza vifaa, watarudi kukaa kijiweni.

Najua utanijibu kwa mfano wa talanta katika Mathayo 25, ule wa bwana aliyewaachia watumwa wake fedha, mmoja talanta tano, mwingine mbili, na mwingine moja ambayo aliifukia, maana ndio unaohubiriwa sana kwenye mikutano hiyo. Basi tuusome pamoja. Talanta moja ya fedha ilikuwa kama dinari 6,000, na Mathayo 20 inatuonyesha dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: hata yule aliyepewa moja alikabidhiwa ujira wa zaidi ya miaka 16 ya kazi bila kupumzika hata siku moja. Hakuna aliyepewa kidogo. Tena ukilinganisha mstari wa 21 na wa 23 wa Mathayo 25, yule wa talanta tano na yule wa mbili wanasifiwa kwa maneno yale yale, "Vema, mtumwa mwema na mwaminifu." Bwana hakumuuliza wa mbili kwa nini hakuleta tano. Ninachoogopa kwako si kwamba utazaa kidogo. Naogopa usije ukaifukia talanta uliyonayo mkononi kwa kukimbilia ya mtu mwingine.

Nikueleze na kazi yangu ilivyo, kwa sababu mkiwaambia watu kwamba dada yenu ni nesi Ulaya, nadhani wanaona gauni jeupe na sindano. Wiki hii niko zamu ya usiku katika nyumba ya wazee. Kuna mzee mmoja aliyepigwa na kiharusi. Hasemi, hawezi kujigeuza, na hatujui anasikia kiasi gani. Mtu kama huyo akilala upande mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri pale anapokandamizwa na godoro, ngozi inakufa, na kidonda kikishafunguka kinaweza kuchukua miezi kupona. Kwa hiyo namgeuza kila baada ya saa mbili. Saa nane usiku naingia, namweleza ninachotaka kufanya, namlaza ubavu, naweka mto katikati ya magoti na mwingine chini ya miguu, ili visigino vining'inie visiguse godoro. Kisha naangalia nyonga, kifandugu na visigino. Nikiona wekundu nabonyeza kwa kidole. Pakigeuka peupe nilipobonyeza, ngozi bado haijaumia. Pakibaki pekundu vile vile, hatari imeshaanza, na upande ule hataulalia mpaka patulie. Halafu naandika saa kwenye fomu na kutia sahihi. Saa kumi narudi tena.

Sasa fikiri. Fomu ile naweza kuijaza nikiwa nimekaa jikoni na kikombe cha chai. Usiku msimamizi hayupo, ndugu za mzee wamelala makwao, naye mwenyewe hawezi kunishtaki. Ngozi yake ndiyo shahidi pekee, nayo itasema baada ya siku kadhaa, tena bila kutaja jina. Paulo aliwaandikia watumwa wa Kolosai wasitumike kwa utumwa wa macho kama wajipendekezao kwa wanadamu, bali kwa moyo, kama kwa Bwana. Neno hilo ndilo linaloniinua kitini saa nane usiku, wakati mwili mzima unataka kulala.

Mwenzangu mmoja wa zamu, mtu asiye na dini kama walivyo wengi katika mji huu, aliwahi kuniuliza kwa nini naongea na mzee asiyejibu. Nikamwambia Bwana wangu anasikia. Hakusema kitu. Lakini siku hizi namsikia naye akimsalimia mzee kwa jina lake kabla ya kumfunua blanketi. Mungu atalifanya nini jambo hilo, sijui. Nimeliweka kwenye maombi, nanyi mniombee.

Na kazi hii ya kuwaosha na kuwageuza wagonjwa ina mizizi kanisani. Mwaka 1836 mchungaji Theodor Fliedner na mkewe Friederike, kwenye mji mdogo wa Kaiserswerth karibu na Düsseldorf, walianzisha nyumba ya mashemasi wanawake, wakawafundisha kuuguza. Florence Nightingale mwenyewe, yule mwasisi wa uuguzi wa kisasa, alikwenda kujifunza pale mwaka 1851. Masista wetu wa Kilutheri wa Ushirika wa Neema pale Karanga, Moshi, wanaifuata njia hiyo hiyo ya ushemasi. Hata wamisionari waliofika kwetu Machame mwaka 1893, ambao walitumwa kutoka mji huu ninaokaa, majina yao tunayasoma kwenye historia ya dayosisi. Lakini kuta na mapaa ya makanisa yetu yalisimamishwa na mikono ya mababu zetu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mungu anayo.

Sasa nikuambie ninachokiona kuwa uaminifu kwa seremala, na unisamehe kama dada yako anaingilia fani asiyoijua vizuri. Unajua wewe mwenyewe jinsi watu wanavyowalalamikia mafundi. Mteja analipa malipo ya awali, anaambiwa aje Jumamosi, akija anaambiwa wiki ijayo, na fedha yake imeshanunua mbao za mteja mwingine. Au anapelekewa mlango wa mbao mbichi uliopakwa vanishi nzuri, na ukishapata jua miezi miwili unapinda, kitasa hakiingii. Wewe ukisubiri mbao zikauke, ukamwambia mtu tarehe ya kweli hata kama ni ya mbali, ukairudisha chenji yake bila kuulizwa, kijiji kizima kitakuwa kimemsikia Kristo kupitia mlango. Mtume Petro anasema kila mmoja aitumie karama aliyoipokea kwa kuhudumiana, kama "mawakili wema wa neema mbalimbali za Mungu." Wakili hatumii mali kama yake. Randa ile si yako peke yako, ndiyo maana naona huna ruhusa ya kuiuza haraka hivyo.

Paulo naye alishona mahema pale Korintho pamoja na Akila na Prisila, na hakuna anayesema injili yake ilipungua. Kwa hiyo ukiona bado unaitwa kwenye Neno, mwone mchungaji wa usharika, si yule mgeni wa mkutano aliyeondoka kesho yake. Mwambie akupe darasa la watoto au ibada za nyumba kwa nyumba, uonekane kwa mwaka mmoja. Wazee wa kanisa wakithibitisha, uende Mwika, wanakosomea wainjilisti wetu, na ada nitasaidia kulipa. Nalisema hili mbele ya Mama ili awe shahidi. Hata huko utakuta madawati yanahitaji kutengenezwa.

Mama, na wewe usije ukadhani barua hii haikuhusu. Ile chupa ya maziwa unayompelekea bibi asiye na mtu, kila asubuhi, kabla hujapeleka ya kuuza, nimeikumbuka mara nyingi nikiwa kazini. Ndiyo iliyonifundisha kazi kabla sijajua neno moja la Kijerumani.

Mdogo wetu wa mwisho aendelee na kwaya, na asikasirike akiwekwa sauti ya pili. Bila sauti ya pili wimbo hauendi.

Nimemtumia Mama fedha. Nusu ni ya dawa za Babu, na nusu nyingine ni ya kununulia mbao zilizokauka vizuri. Usharika unahitaji mabenchi ya shule ya Jumapili, watoto wanakaa chini kwenye sakafu. Mama ndiye aliyeniambia. Yatengeneze hayo kwanza pamoja na wale vijana wawili, kisha tuzungumze tena habari ya kuuza vifaa. Niandikie umefikia wapi, na useme wazi pale usipokubaliana nami.

Wasalimieni majirani wote, na mchungaji.

Ni mimi dada yenu, niwapendaye katika Bwana.