Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: ukame wa maharage unaolipwa na mahindi

Mheshimiwa Waziri,

Pole na majukumu. Mimi ni mkulima wa Mbeya Vijijini, nina ekari tatu za maharage na mahindi. Ninakuandikia kuhusu mahindi yangu ya msimu huu, ingawa shida yenyewe ilianzia kwenye maharage ya mwaka jana.

Nilipanda maharage mwezi Machi, kama wengi wetu huku tunavyofanya kwa msimu wa pili, nikitegemea mvua za Aprili na unyevu unaobaki. Mvua ikakata maua ndiyo kwanza yanatoka. Wiki tatu jua tupu. Mahali pa gunia tatu nikapata debe nne. Wakaja watu wa tathmini, wakauliza nimepoteza gunia ngapi, wakaandika, wakaaga. Hesabu ya ukame ikafungwa hapo.

Msimu huu nikaweka mahindi shamba lile lile. Kwa miaka yote bwana shamba wetu ametufundisha kwamba mahindi yanayofuata maharage unayapunguzia mbolea ya kukuzia, kwa kuwa maharage hujitengenezea yenyewe na mengine hubaki ardhini. Nikaweka mfuko mmoja wa urea badala ya miwili. Mahindi yalipofika magotini, majani ya chini yakaanza kugeuka njano, njano ile inayoanzia nchani na kuchoma katikati ya jani kama mkuki. Jirani yangu, aliyepanda mahindi juu ya mahindi na kuweka mbolea kamili, shamba lake lilikuwa kijani mpaka linatia wivu.

Simlaumu bwana shamba. Ushauri wake ni wa kweli mwaka wa mvua.

Hewa tunayovuta, asilimia 78 ni naitrojeni, ila mmea hauwezi kuila ikiwa hewa. Kwenye mizizi ya maharage kuna vinundu, na ndani yake wanaishi bakteria wanaoigeuza hewa hiyo kuwa chakula cha mmea. Maharage yanawalisha sukari, wao wanalipa naitrojeni. Ukipasua kinundu kwa ukucha ukakuta ndani pana wekundu kama nyama, ujue kazi inaendelea. Rangi hiyo inatokana na kitu kinachofanana na kile kinachoifanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake vilevile ni kubeba oksijeni. Ukikuta kijivu, kijani au kahawia, kiwanda kimefungwa.

Ukame unakifunga kiwanda hicho mapema kuliko tunavyodhani. Kwenye soya imeonekana wazi kwamba vinundu hulegea wakati majani bado yanaendelea na kazi yake. Oksijeni inayoingia kwenye kinundu inapungua, sukari haitumiki inavyotakiwa, na naitrojeni iliyokwisha kutengenezwa inarundikana palepale kwa kukosa maji ya kuibeba kwenda juu. Kwa hiyo unapita shambani unaona kijani, unasema mazao yanavumilia, kumbe chini kumeshapoa. Karanga zina ustahimilivu zaidi. Maharage yetu ndiyo dhaifu: hata mvua ikiwepo hayasifiki sana kwa kazi hii, na kwa kuwa yanakomaa haraka, mvua ikirudi hayana muda wa kuanza upya.

Linaloniuma zaidi ni hili. Maharage yaliyokosa bakteria wa kuyalisha hayakai na njaa, yanakula naitrojeni iliyomo kwenye udongo. Sisi nasi tunayang'oa na mizizi yake, tunayapeleka nyumbani kuyapiga juu ya turubai, maganda tunawapa ng'ombe. Mwaka wa ukame, basi, shamba la maharage linaweza kubaki maskini kuliko lilivyokuwa kabla ya kupandwa. Na hilo ndilo nililolinyima mbolea! Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Hizo ndizo nilizokata nikiamini zimeshawekwa.

Ombi langu la kwanza ni dogo. Wanaokuja kutathmini ukame waje na jembe. Wachimbe mashina kumi, wasiyavute kwa mkono kwa sababu vinundu hubaki ardhini, wavipasue, waandike rangi. Shamba ambalo vinundu vimekufa, mkulima aambiwe siku hiyohiyo: mwakani usipunguze urea. Na mgawo wake wa mbolea ya ruzuku uhesabiwe kwa kujua hivyo.

La pili, bakteria wa kupaka kwenye mbegu. Wakifika huku wasiuzwe kama chumvi, kwenye maduka ya bati yanayochemka mchana. Ni viumbe hai, joto linawaua, na ukiwapanda kwenye udongo mkavu umetupa fedha. Mkulima aelezwe apake kivulini na apande siku hiyo, udongo ukiwa na unyevu.

La tatu linawahusu wataalamu wa TARI Uyole, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Mbeya, ambao mbegu zao za maharage tunazipanda na kuzipenda. Wanapochagua mbegu inayovumilia ukame, naomba wasiishie kupima debe. Watazame na mizizi: ni ipi inayobaki na wekundu ndani wiki mbili baada ya mvua kukata?

Najua Agosti viongozi huja Mbeya kwenye maonyesho ya wakulima ya Nane Nane, viwanja vya John Mwakangale. Vipando vya pale, yaani vishamba vya mfano, huwa vizuri sana, ila vinamwagiliwa, kwa hiyo hili hutalikuta. Njoo Aprili, Mheshimiwa, mvua ikiwa imekata. Jembe lipo, na mashina ya kuchimba nitakuachia uchague mwenyewe.

Wako mtiifu,
Mkulima wa maharage na mahindi,
Mbeya Vijijini