Ijumaa hii (2018): mwanamuziki Bruce Springsteen, ukumbi wa Walter Kerr, New York

Ndugu zangu, habari za jioni. Wakubwa, shikamooni.

Tiketi zetu zote 6 ninazo mkononi. Mliozoea kumwona viwanjani na bendi nzima, safari hii ni yeye, gitaa na piano, mbele ya watu wasiofika 1,000. Mtoto wa Freehold, jirani yetu hapa New Jersey, anasimulia maisha yake tangu utotoni na kuimba katikati ya masimulizi. Nimeisubiri siku hii kwa miaka.

1. Tukutane saa 12:30 jioni kwenye zile ngazi nyekundu za Times Square, Barabara ya 47. Ukumbi uko Barabara ya 48, hatua chache tu.

2. Onyesho linaanza saa 2:00 usiku. Halina mapumziko na linachukua zaidi ya saa mbili, kwa hiyo kuleni mapema.

3. Simu tuzime kabla ya kukaa, tafadhali.

4. Wenye salio la tiketi, nitumieni kabla ya Alhamisi.

Kila mmoja aandike "Nipo" hapa kufikia Jumatano usiku. Mwenye dharura aniambie mapema, maana wapo wanaoitaka nafasi hiyo.